Rejeta ya Mkunga

Kikao cha kukivunja kibanda changu kilifanyika bila mimi. Kaka alikuja kusimama mlangoni, mikono mifukoni, akaniambia kwamba familia imekaa, familia imeongea, na familia imeamua kuwa Jumatatu kibanda cha rejeta kinavunjwa ili pawekwe mashine ya kubadilishia matairi.

"Familia ipi?" nikamuuliza. "Maana mimi nilikuwa hapahapa nalehemu."

"Mimi na Shangazi."

"Watu wawili ndio familia?"

"Mdogo wangu, usianze."

Nilikuwa nimeshaanza. Nilizima gesi, nikavua miwani, nikamtazama juu mpaka chini. Gereji ile tuliachiwa na Baba sisi wawili. Kaka alichukua upande wa mbele, penye injini, breki na ile kompyuta yake ya kusoma magonjwa ya magari mapya. Mimi nikabaki nyuma, kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa matofali: meza moja iliyojaa alama za moto, mtungi wa gesi, na pipa lililokatwa kwa urefu na kujazwa maji, la kuzamishia rejeta ili nione zinapotoa povu. Nina miaka arobaini na tisa. Thelathini kati ya hiyo nimeimalizia kwenye pipa hilo.

"Mwezi huu umetengeneza rejeta ngapi?" Kaka akauliza.

"Mbili."

"Mbili. Siku hizi rejeta zina vichwa vya plastiki. Ikivuja, mtu anatupa, anafunga mpya. Nani analehemu shaba?"

Alikuwa anasema kweli, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi. Ningemjibu nini? Jibu liliingia lenyewe getini, likivuta mguu na kulalamika kabla ya kufika. Alikuwa Mkunga mstaafu, yule aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa wetu, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika ufunguo wa gari.

Gari lake lilikuwa limekaa uani tangu juzi. Ni salun ya zamani yenye mabega ya mviringo na taa mbili kubwa kama mtu aliyeshtuka. Alilitumia ujana wake wote kuwahi akina mama wenye uchungu. Sasa lilikuwa limemshinda. Nyumba yake ipo juu kabisa ya mlima, barabara yenye kona saba, na kwa miaka miwili gari halikuwahi kufika kona ya nne bila kuchemsha. Alikuwa analiacha chini, mbele ya duka, kisha anapanda kwa miguu na magoti yake yale. Kaka alishamwambia dawa: shaba itupwe, ifungwe rejeta ya plastiki na feni ya umeme.

"Nimekuja kuchukua gari langu," Mkunga akasema. "Sitaki plastiki. Nililikuta na shaba yake, na nitaliacha na shaba yake."

"Mama, litachemsha tu," Kaka akamjibu kwa upole.

Hapo damu ikanipanda. "Halitachemsha," nikasema. "Nalishika mimi. Nitalipandisha mpaka mlangoni kwa Mama kwa rejeta hiihii. Likichemsha, Jumatatu nakivunja kibanda mwenyewe, na mtu asinisaidie. Lisipochemsha, habari ya matairi isitajwe tena."

Kaka akasema sawa, Shangazi awe shahidi. Mkunga akanikabidhi ufunguo huku akinikazia macho. "Usinichezee, binti," akaniambia. "Mimi nataka kulala na gari langu uani."

Nilikuwa na siku tatu. Siku ya kwanza niliifungua rejeta. Nilipasha moto maungio mpaka lehemu ikatiririka, nikabandua tangi la juu, na pale chini nikaona mirija tisini na sita iliyopangwa safu. Thelathini na moja ilikuwa imeziba kwa kutu na matope, kwa sababu Mkunga alikuwa akijaza maji ya mfereji. Nilipitisha ubapa mwembamba wa chuma kwenye kila mrija, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwanga ukapenya yote. Siku ya pili nilifungua nyumba ya themostati, ile valvu inayoelekeza maji ya injini, nikaikuta tupu. Kuna fundi aliing'oa, maana mafundi wengi wakiona gari linachemsha huanza na kumtoa asiye na hatia. Gari hili bila themostati maji hukimbilia njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Nikaweka mpya, nikamtukana fundi huyo popote alipo.

Kisha nikamwita Mkunga nimwonyeshe kosa lake mwenyewe.

"Kila asubuhi unajaza mpaka wapi?"

"Mpaka mdomoni. Yanamwagika nayaona."

"Ndiyo. Maji yakipata moto yanatanuka, yanataka nafasi. Wewe humwachii nafasi. Basi anayatapika kwa huu mrija mdogo, chini barabarani. Wewe ukiona dimbwi unasema ana kiu, unamjaza tena. Unamlisha mtoto aliyeshiba."

Mkunga alicheka mpaka akaegemea boneti. "Miaka yote nawakataza akina mama kosa hilohilo!"

Nilifunga chupa ya akiba pembeni ya rejeta, ya plastiki inayoonyesha ndani, nikauelekeza ule mrija mdogo mpaka chini kabisa ya chupa. Sasa maji yakizidi yataingia humo, na gari likipoa yatarudi. Kaka alipita, akaangalia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kukosoa. Alienda stoo kwake akarudi na kifuniko kipya cha rejeta, bado kwenye karatasi yake.

"Chukua hiki," akasema. "Saizi ni ileile."

"Kina nini cha ajabu?"

"Ni kipya."

"Upya ndiyo sifa pekee unayoijua wewe," nikamjibu. Nilichukua kifuniko cha shaba alichokitumia Baba kwenye magari ya aina ile, nikakisugua mpaka kikang'aa, nikakifunga mimi. Nilitaka kila kitu kwenye safari ile kiwe cha Baba. Kaka aliweka kifuniko chake mfukoni akaondoka.

Siku ya tatu nililipandisha gari pua juu kwenye tuta, nikaliwasha, nikawa naubinya kwa mkono mpira wa juu, ule unaoleta maji kwenye rejeta, taratibu, ili hewa iliyonaswa ndani itoke. Povu likapanda likapasuka mdomoni mwa rejeta.

"Unamcheulisha," Mkunga akasema kwa heshima ya mtu wa kazi.

Jumamosi asubuhi tukaondoka. Mimi kwenye usukani, Mkunga pembeni yangu, Kaka na Shangazi nyuma. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, mtu anayevaa vizuri hata akienda kununua kiberiti, na alikuwa ameukumbatia mkoba wake kama anakwenda mahakamani.

"Shikamoo, Shangazi," nilimwambia kupitia kioo. "Nasikia umehukumu bila kunisikiliza."

"Marahaba. Tazama mbele."

Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mshale wa joto ulisimama katikati. Kwenye kona ya nne Mkunga alishika dashibodi kwa mikono miwili na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Tukapita. Ya tano, ya sita, ya saba, na tukaingia uani kwake mshale ukiwa palepale. Mkunga alishuka, akaligusa boneti, akageuka upande mwingine kufuta macho. Mimi niliruka kama mtoto. Nilipiga kifua, nikamzunguka Kaka, nikamwambia ampigie simu mwenye mashine ya matairi aipeleke kwake akabadilishie sufuria.

"Mara moja ni bahati," Kaka akasema. "Yeye anapanda kila siku. Tulishushe, tulipandishe tena."

"Hata mara kumi."

Tulikaa saa nzima kwa Mkunga, gari likapoa. Kitu nilichopaswa kufanya katika saa ile ni kuitazama chupa ya akiba. Sikuitazama. Nilikuwa na kazi ya kujisifu.

Tukashuka mpaka dukani, tukageuza, tukaanza kupanda. Kona ya tatu mshale ukasogea. Ya nne ukasogea tena. Niliwaza labda ni jua, nikapunguza gia, nikawasha hita ili imnyang'anye injini joto kidogo, na Shangazi akaanza kulalamika kwamba anaokwa. Kwenye kona ya tano mvuke ulichomoka pembeni ya boneti kwa mlio wa birika, na mshale ukaingia kwenye nyekundu. Nilisogea kando, nikazima, nikashuka, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Bora wangenicheka. Mkunga alibaki kwenye kiti chake akitazama mlima wake, na sura yake ilinikata maini kuliko tusi lolote.

"Limechemsha," Kaka akasema mwishowe. Hakusema kwa furaha.

"Nimeona."

"Ulisema mwenyewe, mbele ya Shangazi. Likichemsha, unavunja."

"Nilisema. Na sasa nasema mbele ya Shangazi huyohuyo: sivunji."

Shangazi alitoa kichwa dirishani. "Wewe mtoto! Neno ulitoa mwenyewe!"

"Nilitoa, Shangazi, na lilikuwa neno la kijinga. Miaka thelathini ya kazi nimeiweka rehani kwa safari moja ya mlimani, kwa hasira tu. Mkitaka niitwe mwongo, niiteni. Niiteni hata kanisani, hata msikitini. Lakini kibanda sivunji, na sitoki hapa mpaka nijue kilichoniangusha."

Nadhani Kaka alitegemea nilie.

Tulisubiri nusu saa na zaidi. Hufungui rejeta ya moto kama unaipenda ngozi ya uso wako. Mpira wa juu ulipolainika mkononi, nikafunika kifuniko kwa kitambaa kinene, nikakizungusha pole pole, nikakitoa. Nilichungulia. Maji sikuyaona. Niliingiza kidole mpaka fundo la pili, kikarudi kikavu. Kisha nikageuka nikaitazama chupa ya akiba, na chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

Nilikaa chini kwenye changarawe.

Maji hayakupotea, ukiondoa ule mvuke. Yalikwenda, hayakurudi. Nilikigeuza kifuniko cha Baba kichwa chini nikakiangalia kama naangalia barua. Chini kabisa kina mpira mmoja, ule unaozuia maji mpaka shinikizo lizidi. Juu, pale ukingo wake unapokaa kwenye mdomo wa rejeta, hakuna mpira. Ni shaba juu ya shaba. Rejeta ikipoa hunyonya, na yenye chupa inatakiwa inyonye maji kutoka kwenye chupa. Yangu ilinyonya hewa pale ukingoni, kwa sababu hewa ndiyo nyepesi kuvutwa. Baba alikuwa anatengeneza magari yanayotapika barabarani. Hayakuwa na chupa ya kurudishia. Kifuniko chake kilikuwa sahihi kwa gari lake, na mimi nilikivalisha gari lingine kwa sababu ya mapenzi na kiburi.

Nilisimama nikawaeleza yote, kwa sauti, bila kujipunguzia.

"Kile nilichokupa," Kaka akauliza, "kina mpira pale juu?"

"Kinao."

Akajipapasa mifuko. Alikuwa amekiacha kwenye suruali ya kazi. "Sikujua kama kina maana," akasema.

"Najua hukujua."

Mkunga alicheka puani. Kaka alitoa simu. "Basi niite gari la kuvuta. Twende nyumbani."

"Weka simu. Una kisu?"

"Unataka kufanya nini?"

"Nimekuuliza kisu."

Akanipa. Nilifungua buti. Jeki ilikuwa imefungwa kwa kamba ya tyubu, ile mipira ambayo kila mwenye gari kuukuu anayo ya kufungia hiki na kile. Niliifungua, nikakilaza kifuniko juu yake, nikachora duara kwa ncha ya kisu. Pete ya kwanza ilichanika. Ya pili ilikuwa pana, ikajikunja. Kwenye ya tatu niliona mikono mingine inaukaza mpira upande wa pili, mikono ya Kaka, na sikuwa nimemwomba. Nilikata polepole mpaka pete ikatoka nzima, nikaivalisha chini ya ukingo wa kifuniko. Ilibana vizuri.

Nikawasha injini, nikamimina maji ya kwenye chupa kwa uzi mwembamba, nikaacha kiasi, nikaongeza yale ya dumu ambalo Mkunga huliweka kwenye buti. Gari lilikuwa pua juu tayari. Likacheua mara tatu kubwa. Nilipofunga kifuniko, Shangazi alikuwa ameshashuka na kutangaza kwamba atapanda kwa miguu. Aliutazama mlima, akavitazama viatu vyake, akarudi ndani.

Kona mbili zilizobaki ni fupi lakini ndizo zenye mwinuko mkali. Tulizipanda kwa gia ya kwanza, mtu hapumui. Mshale ulikaa katikati mpaka uani kwa Mkunga.

"Hongera," Kaka akasema, na akaanza kufungua mlango.

"Bado," nikamwambia. "Kupanda lilishapanda hata asubuhi. Tunasubiri kupoa."

Nilifungua boneti. Nikamwomba Shangazi wanja wake, na baada ya kunung'unika alinipa. Kwenye ubavu wa chupa nikachora mstari mweusi pale maji yalipofika. Yakibaki pale, nimeshindwa. Yakishuka, yamerudi nyumbani kwao.

Tukakaa kwenye ngazi za Mkunga tukiitazama chupa. Dakika kumi, hakuna. Dakika ishirini, hakuna. Kaka alikuwa anachana jani vipande vidogo.

"Unadhani nakitaka kibanda kwa ajili ya matairi," akasema.

"Ndivyo ulivyosema."

"Baba alikohoa miaka minne. Nilikuwa nambeba mimi kumpeleka chooni. Sasa nasikia wewe umeanza. Asubuhi nakusikia kutoka mbele, hata injini ikiwa inanguruma. Ule moshi wa lehemu na ile asidi, kwenye kibanda kisicho na hewa. Nikaona bora nikukosee kuliko nikuzike."

Nilimpenda sana dakika ile, na nilitaka kumpiga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza. Lakini ungeniambia. Mmekaa kikao cha mapafu yangu bila mimi mwenyewe! Kaka, mimi si mtoto wa kufichiwa dawa kwenye uji. Unaogopa moshi? Toboa ukuta. Weka feni ya kuuvuta nje. Ninunulie barakoa, nitaivaa, nitakutukana lakini nitaivaa. Usinitoe mimi ukauacha ukuta."

"Na ukikataa kuivaa?"

"Nimekwambia nitaivaa."

"Wiki hii ulitoa neno pia."

Hilo lilinipata mahali pake. Shangazi alikohoa ili asicheke. Hapohapo Mkunga akanyanyuka ghafla, magoti yakilia, akaisogelea chupa mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Anakunywa," akasema.

Tulikusanyika wote wanne juu ya injini. Maji yalikuwa chini ya wanja, upana wa kidole, na yalikuwa yanashuka tukiyaangalia. Ndani ya ule mrija mdogo kulikuwa na mwendo, taratibu, kuelekea kwenye rejeta. Shangazi alivaa miwani yake ili aone vizuri. Upana wa vidole viwili. Kaka aligusa kifuniko kwa ncha ya kidole, pale pete ya tyubu ilipotokeza kidogo, akakigusa tena.

Nilimwachia Mkunga masharti: asifungue rejeta tena, atazame chupa tu, aongeze kwenye chupa tu, na Jumatatu nitamletea kifuniko kinachostahili. Alinikumbatia, akafunga geti lake, gari lake likiwa ndani. Ndipo tulipokumbuka kwamba hatuna usafiri. Tukaanza kushuka mlima kwa miguu, Shangazi katikati, ametushika mikono huku na huku, akilaani kila jiwe.

Kwenye kona ya tano Kaka alisimama. "Jumatatu asubuhi wanaleta mashine," akasema.

"Walete. Watanikuta ndani, na gesi imewaka."

"Unajua nimeshawaahidi watu."

"Na mimi nimeshavunja ahadi moja leo. Ya pili vunja wewe, tulingane."

Kaka akatoa simu, akapiga, akaziba sikio moja kwa kidole. Nilimsikia akiwaambia wasilete mashine, hapana, wala Jumanne, nafasi ile haipo. Wakamuuliza kitu. Aliangalia barabara, akaniangalia mimi.

"Pale pana fundi," akasema.

Nikamwambia arudie kwa sauti, huenda hawakusikia.